Chupa ya Tano

Alum Rock, Birmingham
Jumatatu, 21 Februari 2005

Kwa Bwana Kamlesh, mwenye duka la dawa, Soho Road, Handsworth

Salamu nyingi.

Barua zote nilizofunzwa kuandika huanza kwa kusema kuwa mimi ni mzima na wasiwasi wangu ni juu yako. Lakini mimi nimo katika eda, na nimejiwekea sharti nisiseme uongo mpaka nitoke, hata ule wa adabu. Kwa hiyo sentensi hiyo nairuka.

Hunijui kwa sura. Mimi ni Jokha, mke wa marehemu Idarous, yule dereva wa basi la njia yako aliyekuwa akimaliza zamu anakuja kuegemea kaunta yako ili muongee Kiswahili. Akirudi nyumbani ilikuwa Kamlesh kasema hivi, Kamlesh kanikumbusha Tanga, Kamlesh kanichekesha. Wallahi nilikuwa nakuonea wivu, maana mimi nilikuwa nikiletewa maneno yaliyobaki.

Alifariki tarehe tisa Januari kwa maradhi ya tumbo, nadhani habari ulizipata. Miezi minne na siku kumi nakaa ndani, nguo nyeupe, sionani na mwanamume asiyekuwa maharimu wangu. Simu ningeweza kukupigia, na wapo wanaosema haina neno. Mama yangu alinilea Unguja kwa namna nyengine, na siwezi kuanza kubishana naye leo na yeye yuko kaburini. Barua haina sauti. Stempu ninazo, zilibaki za kadi za Idi.

Shida yangu ni hii. Wiki ya pili ya msiba mtu mmoja aliniuliza mbona sili, nikajibu tumbo halijatulia. Nilitamka mara moja tu! Tangu siku hiyo kila anayekuja kunipa pole anaingia na chupa mkononi. Alianza jirani yangu Nurto, Msomali aliyekulia Nairobi. "Mama Haidari, hii iko na bacteria bilioni kumi, na zote ni wazuri. Cousin yangu tumbo ilikuwa imemmaliza, saa hii anakula mpaka anasumbua watu." Nikamwuliza hao bilioni kumi watalala wapi. Akafuata mke wa Séverin, Mkongo wa barabara ya pili, na kopo la unga: "Mama, hii dawa iko muzuri sana, docteur wa Bruxelles njo alinipatia." Nao nikaambiwa una bakteria, tena na nyuzinyuzi za mizizi sijui gani. Safiya, huyo ni mtu wetu wa Unguja, akaleta viwili kwa mpigo: vidonge vya kalsiamu na magnesiamu vikubwa kama kokwa ya tende, ati mjane mifupa huingia baridi, na vidonge vya vitamini C vinavyochemka ukivitia kwenye maji.

Wakirudi huniuliza, "Ile dawa unatumia?" Siwezi kusema ndiyo na huku siyo. Basi nimejirahisishia. Asubuhi nafungua zote nne, nazimeza pamoja na kidonge changu cha tezi ya shingo, ambacho nakula miaka kumi sasa, na ule unga naukoroga kwenye chai ya tangawizi ikiwa bado inatoa moshi. Mambo yanakuwa yamekwisha.

Lakini tumbo ndiyo limezidi. Limejaa upepo, linanguruma mpaka Nurto alilisikia akiwa jikoni na mimi niko sebuleni. Chooni nakwenda mara tano, mara sita. Naomba unambie tu kama vitu hivi vinapatana, maana Idarous alikuwa akisema hakuna unachouza bila ya kukieleza kwanza mpaka mtu anachoka.

Wako katika heshima,
Jokha, mke wa marehemu Idarous


Soho Road, Handsworth
Jumatano, 23 Februari 2005

Shemeji Jokha,

Nakuita shemeji bila ya kuomba ruhusa. Nimemaliza miaka thelathini na mbili sijaandika barua ya Kiswahili. Nikikosea ucheke, Idarous alikuwa akicheka mbele ya wateja.

Nikuondoe wasiwasi wa bilioni kumi. Watalala vizuri, kwani tumboni mwako wamo wengi zaidi ya hao tangu utotoni, na hujawahi kuwalalamikia. Hao wa Nurto si wabaya. Tatizo ni kwamba ulikaribisha wageni wa nyumba mbili kwa siku moja. Kidonge cha Nurto na unga wa mke wa Séverin ni kazi ile ile. Mtu akianza bakteria hawa huanza na aina moja, peke yake, angalau wiki mbili, aone tumbo linasemaje. Siku za mwanzo upepo ni kawaida. Na zile nyuzinyuzi za mizizi ni chakula chao, kwa hiyo umewaleta wageni na pilau juu yake. Hapo tumbo lisingurume kwa nini?

Ila wa mke wa Séverin usiwahesabu. Wale ni viumbe hai, shemeji, na wewe umewachemsha kwenye chai ya tangawizi. Walikufa kabla ya kufika kinywani. Huchanganywa na maji ya baridi au maziwa ya vuguvugu, na kopo halikai karibu na hita.

Mbio za chooni nadhani ni za Safiya. Magnesiamu huendesha tumbo, tunawapa watu waliofunga choo. Vitamini C ikizidi nayo ni hivyo hivyo. Ukizimeza pamoja kila asubuhi, umekunywa haluli bila ya kujua.

Sasa sikiliza hili zaidi ya hayo yote. Kidonge cha tezi kinataka upweke. Ukimeze ukiamka, kwa maji matupu, ungoje nusu saa ndipo unywe chai. Kalsiamu ikikikuta tumboni inakizuia kisiingie mwilini, na ndiyo sababu lazima zipishane kwa saa nne. Acha chupa zote za zawadi kwa wiki moja. Usiache cha tezi.

Nina swali. Kuna kitu kingine unameza ambacho hukukiandika? Miaka yote niko kaunta, na mtu akinitajia dawa zake huficha chupa moja. Kwa nini moja sijui. Na tumbo lisipotulia kwa wiki hiyo, utakwenda kwa daktari, eda au si eda.

Sikuja kukupa pole. Mara mbili niliegesha gari mtaani kwenu, mara mbili nikaligeuza nikarudi. Haikuwa shughuli za duka. Nisamehe kwa sasa.

Kamlesh


Alum Rock
Jumatano, 2 Machi 2005

Bwana Kamlesh,

Barua yako imenifanyia kazi kuliko dawa zote. Nimeibandika kwenye mlango wa friji. Nurto alipokuja akauliza kama namaliza zile bilioni, nikamwambia, "Mfamasia amenikataza," na kila neno lilikuwa kweli. Akasema, "Kama ni pharmacist amesema, sawa, siwezi bishana na mtu amesoma." Mke wa Séverin alinuna kidogo nilipomwambia kuwa nimewachemsha wageni wake wote. Alichukua kopo lake akaondoka. Jioni akarudi na samaki wa kuchoma, kwa hiyo tumepatana. Safiya ndiye hajaambiwa, namtafutia siku aliyoamka vizuri.

Tumbo limetulia tangu siku ya tatu. Halingurumi, na chooni nakwenda mara moja kama mwanadamu. Nakushukuru sana. Ningetaka barua iishie hapa.

Lakini mimi nimechoka, Bwana Kamlesh. Nikimaliza sala nabaki nimekaa kwenye mswala kwa kuwa kuinuka ni kazi. Baridi imo ndani ya mifupa na hita inawaka kutwa. Haidari mwanangu yuko Glasgow, hupiga simu kila jioni, nami namjibu, "Nipo, mwanangu." Nipo si uongo.

Kuna mwanamke mmoja wa mtaa huu, ni mjane. Tangu mwisho wa Januari choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Mume wake alianza hivyo hivyo, na hiyo ndiyo iliyokuwa dalili, na baada ya miezi minne alikuwa ndani ya sanda. Mwanamke huyu amekwisha kuamua. Hatakwenda kwa daktari mpaka amalize eda, kwa sababu akienda ataambiwa jina la maradhi, na jina hilo itabidi amtajie mwanawe, na mtoto huyo amemzika baba yake juzi tu. Anataka kumpa angalau miezi miwili ya kupumua. Je, kwa ujuzi wako, mtu kama huyo ana muda gani?

Kuhusu chupa niliyoificha, sina la kusema.

Jokha


Soho Road
Alhamisi, 3 Machi 2005, saa tano na robo asubuhi

Shemeji,

Posta imefika saa tano. Nimefunga duka, karatasi ya "narudi sasa hivi" iko mlangoni. Barua hii anakuletea mke wangu Jyoti kwa mkono.

Mwanamke huyo wa mtaa wenu aende kwa daktari leo. Simwulizi kama anataka.

Nimwulize jambo moja tu: anameza kitu chenye madini ya chuma? Chuma hufanya choo kuwa cheusi, na hapo huenda hakuna ugonjwa wowote. Huenda. Damu ya tumbo nayo hufanya kiwe cheusi kama lami, na mimi sina macho ya kuona tumbo la mtu kutoka Soho Road. Daktari anacho kipimo. Kuhusu eda nimemwuliza mzee Hillow, anayesalisha msikiti wa nyuma ya duka langu. Ameniambia mwenye eda akiugua hutoka mchana akatibiwe, hilo halina ubishi, na amekasirika kuwa nimemwuliza badala ya kukupeleka.

Sasa nikwambie kwa nini niligeuza gari. Kwa miezi saba Idarous alikuwa akinunua kwangu vidonge vya kiungulia. Mara tatu nilimwambia aende kwa daktari. Mara ya nne akanitania, akasema nataka kumfukuza dukani ili nipate nafasi ya wateja wenye haraka. Nikacheka, shemeji. Nikacheka, nikampa pakiti nyingine. Akasema, "Usimwambie Jokha." Sikukwambia. Ningekuja kukupa pole kwa uso gani?

Leo sicheki. Jyoti atakaa sebuleni kwako mpaka mwanamke huyo avae viatu. Nimeishi naye miaka ishirini na sita, usijaribu kushindana naye.

Kamlesh


Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, Alhamisi

Bwana Kamlesh,

Jyoti amekataa chai na amevua koti, maana yake haondoki. Anasema, "Mimi nangoja tu, mama. Andika, halafu vaa viatu." Basi naandika.

Mwanamke ni mimi, umekwisha kujua.

Chupa ya tano ni ya Idarous. Hospitali walimpa vidonge mwishoni kwa kuwa damu ilikuwa imempungukia, yeye alikuwa akiviita vidonge vya nguvu. Alifariki vikiwa vimebaki themanini na tatu. Nguo zake nimezitoa sadaka, saa amechukua Haidari, kitanda cha hospitali walikuja wenyewe wakakitoa. Ile chupa ina karatasi yenye jina lake, jina lote, na la baba yake, na chini yake imeandikwa kwa Kiingereza ameze kimoja asubuhi. Sikuweza kuitupa. Nikaanza kumeza mimi, kimoja kila asubuhi, nikisoma jina lake kwanza. Niliona havitapotea bure, na niliona kama tunakunywa chai pamoja. Nikaona haya kukuandikia, mtu mzima kama mimi.

Kama hicho ndicho chuma, sijui. Kiingereza cha dawa sikijui.

Naogopa sana. Naweka kalamu chini, navaa viatu.

J.


Soho Road
Ijumaa, 4 Machi 2005

Shemeji Jokha,

Jyoti amenieleza. Daktari mwanamke, damu mikono yote miwili kwa kuwa mshipa wa kwanza ulikimbia, kikopo cha choo, na majibu baada ya wiki mbili. Pia ameniambia kuwa kwenye gari ulimshika mkono tangu Alum Rock mpaka zahanati, na kwamba akibadilisha gia mlikuwa mnabadilisha pamoja.

Chupa aliyoniletea nimeiona. Ni chuma. Nilipoisoma ile lebo nilikaa chini kwenye kiti cha wateja. Nina furaha, lakini nusu ya furaha naiweka mpaka majibu yatoke, na wewe fanya hivyo hivyo.

Sasa nakugombeza, vumilia. Dawa yenye jina la mtu ni ya mtu huyo peke yake, hata kama ulimpenda, na hasa kama ulimpenda, kwa sababu hapo ndipo mtu hamwulizi yeyote. Chuma si peremende. Mwili usiokihitaji hauna pa kukipeleka. Na kama kalsiamu, chuma nacho kinazuia kidonge cha tezi. Kila asubuhi ulikuwa unakizuia kwa mikono miwili, wa kushoto Safiya, wa kulia Idarous. Sishangai kwamba huwezi kuinuka kwenye mswala.

Vidonge vilivyobaki nimevichukua, vitaharibiwa kama sheria inavyotaka. Chupa iko mezani kwangu, sijaitupa.

Kamlesh


Alum Rock
Jumamosi, 19 Machi 2005

Shemeji Kamlesh,

Majibu yametoka jana. Hamna damu chooni. Hamna! Daktari alirudia mara mbili kwa kuwa nilimwangalia kama sielewi, na kweli nilikuwa sielewi. Damu yangu ya mwilini ni nzuri, ya kutosha, hata sikuwa na haja ya kile chuma. Kilichopungua ni nguvu ya tezi, kwa kuwa kile kidonge nilikuwa nakimeza na hakifiki. Nitapimwa tena baada ya wiki sita. Na rangi ya choo ilikuwa imerudi siku ya nne tangu kuacha, ila sikuthubutu kuamini. Nilikuwa naangalia na kuondoka haraka, nisije nikaifurahia halafu nikanyang'anywa.

Nililia katika gari la Jyoti mpaka vioo vikaingia ukungu. Halafu nikahisi njaa, njaa hasa, ya kwanza tangu Januari. Jyoti akasimamisha gari akanunua chipsi, tukala na siki kwa mikono, mimi na nguo zangu nyeupe nimejifunika shuka asinione mtu. Nimefurahi, shemeji. Naona haya kuandika neno hilo na mume wangu hajatimiza miezi mitatu ardhini, lakini nimefurahi na siwezi kulificha.

Nilimpigia Haidari mimi mwenyewe, mchana, akiwa kazini. Nikamwambia yote, tangu lami mpaka chipsi. Kisha akasema, "Mama, you should have told me," na mimi nikamwambia ndiyo. Tulilia kila mmoja kwake. Jumamosi ijayo anakuja.

Nina jambo la kukwambia, na nimelichelewesha kwa kuwa ni zito. Uliandika kuwa ulijua kuhusu kiungulia cha Idarous na hukunambia. Mimi nilijua. Mwezi wa Juni nilikuta maganda ya vile vidonge vyako katika mfuko wa koti lake la kazi, manne, yamekunjwa madogo madogo. Nikayarejesha nilipoyakuta. Nilijiambia kama anaficha, basi kumheshimu ni kujifanya sioni. Nikawa nampunguzia pilipili kwenye mchuzi kimya kimya, naye akala bila ya kuuliza kwa nini mchuzi umepoa.

Basi tulikuwa watatu tunaojua, na kila mmoja akimficha mwenzake. Usiku mwingi nimekaa nikisema ni mimi peke yangu niliyemnyamazia. Kumbe na wewe ulikuwa umekaa kwako unasema hivyo hivyo. Kama ungenambia, au ningekwambia, angepona? Sijui, na wewe hujui, na yeye hakutaka tuulize. Lakini mimi nilijaribu kufanya vile vile kwa Haidari, na wewe hukunikubalia. Kama ulikuwa na deni kwa Idarous, ni hilo, na umelilipa kwa mkewe.

Kwa hiyo usigeuze gari tena.

Shemeji yako,
Jokha


Soho Road
Jumanne, 22 Machi 2005

Shemeji Jokha,

Ile nusu ya furaha niliyoiweka nimeitoa. Barua yako nimeisoma kaunta, nikaingia stoo, nikaisoma tena. Mteja aliyekuja kuchukua dawa ya kikohozi alingoja. Jyoti anasema jana ni siku ya kwanza tangu Januari nimepiga mluzi nikivaa viatu. Mimi sikujisikia.

Maganda manne! Alinihakikishia kuwa anayatupa kituoni. Idarous alikuwa dereva mzuri lakini mwongo mbovu, Mungu amrehemu.

Umemwuliza Jyoti kama bado unaruhusiwa bakteria wa Nurto, kwa kuwa anakutazama kwa huzuni. Unaruhusiwa, ukitaka. Mwenye kinga dhaifu sana, au anayetibiwa maradhi makubwa, nisingemwachia bila ya daktari wake, lakini wewe daktari amekupima na hana kizuizi. Kidonge kimoja kwa siku, pamoja na chakula, si na chai ya moto, wala usichanganye na kopo la Bruxelles likirudi. Kikikuletea upepo zaidi ya wiki mbili, mrudishie Nurto na shukrani. Kusema kweli mtindi wa kugandisha nyumbani ungekutosha. Kalsiamu ya Safiya daktari ameona haina haja, mwambie siku hiyo aliyoamka vizuri. Na kitu chochote kipya kikiingia mlangoni, kabla ya kukifungua niandikie jina lake. Usiangalie nani amekileta. Angalia kilichoandikwa nyuma.

Ndani ya bahasha hii kubwa kuna chupa. Nimeiosha kwa mkono, sehemu ya ndani tu. Karatasi yenye jina haikuguswa na maji. Ni tupu, shemeji, ni ya kusoma tu.

Kamlesh


Alum Rock
Jumatano, 18 Mei 2005

Shemeji Kamlesh,

Mimi ni mzima. Naanza hivyo kwa sababu nimeweza.

Eda nimemaliza jana. Nimeoga, nimevaa kanga ya rangi, nimetia udi nyumba nzima mpaka Nurto akaja kugonga akidhani kunaungua. Mke wa Séverin amenisuka. Safiya aliambiwa, akanuna siku mbili, kisha akaniletea chupa nyengine, ya mafuta ya samaki. Mara hii nilimwambia mlangoni, "Ngoja nimwulize mfamasia," akacheka, akasema basi aitie kwenye mkoba wake mpaka jibu lije. Jina lake nimekunukulia nyuma ya bahasha, na la dawa yangu moja, ile ya tezi. Hakuna jengine. Unaweza kuniuliza mara mbili.

Kipimo cha pili kimetoka wiki iliyopita. Tezi imekaa sawa. Nainuka kwenye mswala bila ya kushika kiti, na juzi nilipanda ngazi nikasahau nilichofuata, kama zamani, kwa haraka tu na si kwa uchovu.

Asubuhi ya leo Haidari alinipeleka kaburini. Nilimweleza Idarous kila kitu kwa sauti, hata habari ya maganda manne, na kwamba hamna tena anayemfichia mtu. Haidari alisimama mbali kidogo kunipa nafasi. Alinisikia yote.

Barua hii siitii posta. Baada ya adhuhuri napanda basi mpaka mjini na jengine la Soho Road, nakaa mbele karibu na dereva, nitakukabidhi mwenyewe kaunta. Kwa hiyo naifupisha, mengine tutaongea. Nakuletea mtindi niliougandisha mwenyewe, wa Jyoti ni ule wa bakuli kubwa. Usiniulize wamo bilioni ngapi.

Chupa iko jikoni, karibu na sufuria ya chai. Nimetia hiliki ndani yake. Kila asubuhi nalisoma jina lake, la kwake na la baba yake, natoa punje mbili, naziponda, natia kwenye chai. Kidonge cha tezi nakuwa nimekimeza nusu saa kabla, kwa maji matupu.

Shemeji yako,
Jokha